Daftari la Ndege Zisizokuwepo

Wakati wa vita nilikuwa rubani wa ndege isiyokuwepo. Nilisimamia chumba cha intaneti mjini Bujumbura, na wateja wakipungua niliingia kwenye klabu ya marubani wa mtandaoni kwa namba yangu ya uanachama na neno la siri, nikarusha ndege ya kompyuta pamoja na watu wa nchi ambazo sitazifikia maishani. Masharti yalikuwa makali: ukimpa mwingine neno lako, unafukuzwa.

Kompyuta yetu ilikuwa kongwe, programu yao iliilemea, nikawaomba ruhusa ya kujiandikia programu nyepesi. Wakanitumia maelezo ya jinsi programu inavyozungumza na mashine yao kuu, baada ya kuniapisha kwamba sitamwonyesha mtu. Nikayanakili kwenye daftari la safari zangu, na neno langu la siri nikaliandika juu kabisa. Fundi mzima, mjinga mzima.

Siku moja nilikwenda Buterere kumwona shangazi mgonjwa, daftari likiwa mkobani. Mama hakutaka.

"Urudi mbele ya saa kumi," alisema. "Ukichelewa, mi nitajua wamekubeba."

Njiani, karibu na kiwanja cha ndege, askari wa kizuizini alifungua mkoba. Akaona herufi za utambulisho wa kiwanja chetu, vimo vya ndege kutua, na mistari ya alama asizozielewa.

"Hii kode ni ya nani?"

"Ni muchezo, shefu. Ndege ya mu kompyuta."

"Muchezo gani unajua ndege inashuka wapi?"

Alinikalisha chini. Jirani yetu alipita, akaniona, akainamisha macho na kuongeza mwendo. Sikungoja kofi: nilimsomea siri zote nilizoapa kuzificha, hata neno langu, naye akaliandika kiganjani.

Saa kumi na moja alikuja mkubwa wake, akaniambia nieleze upya.

"Hiyo ndege inaua mutu?"

"Apana, shefu."

"Basi ni ya bure. Enda." Daftari akabaki nalo.

Aliyenusurika hukimbilia kwao. Mimi nilikimbilia kompyuta. Kichwani nilimwona yule askari akiingia kwa namba yangu, nami nikifukuzwa, na hofu hiyo ndiyo iliyonibeba mpaka mjini. Laini ya intaneti ilikuwa nzito. Nilikaa pale hadi neno jipya la siri likakubaliwa.

Nilipofika nyumbani, mlangoni palijaa viatu. Jirani alikuwa amefika kabla yangu. Wanawake wa mtaani waligeuka kunitazama. Mama alikuwa mkekani, macho yamevimba.

"Walikuachia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Ukapita wapi?"

Nilimweleza. Aibu niliyoiona pale sijaiona tena.

"Hilo neno," aliuliza polepole, "mutu angeliiba, ungekufa?"

"Apana, mama."

Akakunja sanda iliyokuwa mapajani mwake, akainuka, akairudisha kabatini.