Jina Langu Halikuwemo

Mwaka tulioandikisha watu katika daftari la kudumu la wapiga kura, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Narung'ombe, nikapewa kazi ya uandikishaji kituoni kwetu. Semina ilikuwa ya siku mbili, Ruangwa mjini. Nilirudi na kofia mpya, kamera inayotoa picha papo hapo, na sauti ambayo mke wangu alisema hajawahi kuisikia.

Siku ya kwanza niliijaribu kamera kwa kujipiga picha mwenyewe. Picha ilinipendeza mno, nikaichomeka kwenye fremu ya kioo cha kujitazamia nyumbani. Fomu yangu nitaijaza jioni, nilijiambia. Jioni nilikuwa hoi kwa kuwahutubia watu waje kujiandikisha.

Watu walisita kuja. Aliyenihangaisha zaidi ni bibi mmoja Mmakua, jirani yetu, aliyevushwa mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa mgongoni mwa mama yake. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba katika uchaguzi mmoja wa miaka ya tisini alijiandikisha, siku ya kura akapanga foleni tangu alfajiri, akaambiwa jina lake halionekani. Akaenda zake kuokota korosho.

Nilimwambia mambo yamebadilika, safari hii hakuna jina litakalopotea. Akanitazama.

"Wewe mwenyewe umeandikwa?"

"Mimi ndiye wa kwanza, bibi," nikamjibu, na wakati ule niliamini kabisa.

Kesho yake alikuja, na wanawake wengi wa upande ule wakamfuata.

Baada ya wiki kadhaa orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata ili watu wahakiki majina yao. Nilikwenda kuwasomea wasiojua kusoma, ingawa hakuna aliyeniita. Jina la bibi nililipata upesi, nikaliwekea kidole kwa madaha. Akaniomba nimwonyeshe na langu.

Nikashusha kidole mpaka mwisho wa herufi yangu. Nikapandisha. Nikashusha tena, polepole, huku waliokuwa nyuma yangu wakichungulia begani kwangu. Ndipo nikaikumbuka ile picha, ambayo kila asubuhi niliitazama nikinyoa ndevu.

Nilitamani kuwasingizia watu wa wilayani. Lakini bibi alikuwa ananisubiri.

"Sikujiandika," nikasema. "Nilisahau."

Walicheka sana. Bibi hakucheka. Alinitaka nisome orodha yote, lake pia nilirudie, na watu wakasogea karibu kusikiliza. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumegundua mzee mmoja aliyeandikwa mwanamke, na mama mmoja aliyepewa jina la marehemu mumewe. Makosa yote mawili yalitoka kwenye fomu nilizojaza mimi.

Fomu ya kwanza ya marekebisho ilikuwa yangu. Mtendaji wa kata, ambaye tulicheza naye bao kila Jumamosi, aliniuliza maswali yote bila kuruka hata moja, kisha akataka mtu wa kuthibitisha kwamba mimi ni mkazi.

"Namjua," akasema bibi. "Anasema sana, lakini anakaa hapa."

Siku zilizofuata walikuja wengi kuhakiki kuliko waliowahi kuja kwenye hotuba zangu. Mtendaji akanipeleka hadi Nandagala, sehemu nyingine ya wilaya yetu, niwasimulie watu wa huko nao kisa changu. Nilisimulia. Mzee mmoja akauliza kama watoto wangu wa darasani huwa wanafaulu, kisha akanyanyuka kwenda kutafuta jina lake.