Mtani Nyuma ya Jemadari

Shule niliishia darasa la saba, na bado nyumba nyingi za Barking zimepigwa lipu na mikono hii. Sijisifu, nenda kaguse kuta. Nilifika London na nguvu zangu za Kinyamwezi tu. Leo nina magari matatu yenye jina langu ubavuni, na wenye digrii wananiita bosi.

Kwa hiyo siku ya kuzindua ofisi yangu nilikodi ukumbi, nikavaa suti nyeupe, nikakaa meza kuu. Nilimwalika na mtani wangu, Mzaramo aliyenipokea kwenye fleti yake ya Peckham nilipokuwa sina pa kwenda. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za mababu, sisi tukiwa wapagazi wa kubeba mizigo ya misafara hadi pwani kwao. Akikutukana unacheka, ukinuna, umevunja mila.

Akashika maiki. "Jamani, msimwogope huyu. Mpagazi wangu! Lipu yake ya kwanza aliipiga Jumatatu, Jumanne yote iko sakafuni. Mwenye nyumba analia, yeye anauliza chai iko wapi!"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Wateja wangu wakatafsiriwa, nao wakacheka. Nikamnyang'anya maiki.

"Kaa chini. Hujui unaongea na nani."

Hakukaa. Alichukua koti lake akatoka. Ikapita miezi minane, hakupiga simu, nami sikupiga. Nilijiambia mtu kama mimi hakosi marafiki. Na kweli sikukosa: kila nilichosema walijibu ndiyo, bosi. Kuna ukuta niliupiga mwenyewe Ilford, umepinda mchana kweupe, mafundi wangu wakausifu mpaka mwenye nyumba alipokuja kuuona.

Binti yangu anasoma chuoni habari za Warumi wa kale. Jumamosi moja nilikuwa nampeleka sokoni, yeye anaongea Kiingereza, mimi namjibu Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Akanisimulia kwamba jemadari wao akirudi na ushindi, walimzungusha mji mzima juu ya gari la farasi, watu wanamshangilia, na nyuma yake husimama mtumwa akimnong'oneza: kumbuka wewe ni mtu tu.

"Walikuwa na akili hao," nikasema. "Walijua mtu akipanda juu masikio huziba. Basi lile gari lilikuwa na nafasi ya mtani."

"Na wako yuko wapi, Baba?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu, nikawasha redio.

Wiki hiyohiyo zikaja habari kwamba mama yake mtani wangu amefariki huko nyumbani, na matanga yamewekwa Peckham. Mtani hakosi msibani. Kazi yake ni kuwatania wafiwa mpaka wacheke. Lakini mtani aliyenuna ana haki gani? Akinifukuza mbele ya watu, ndio nimempoteza moja kwa moja.

Nilikwenda. Sebule imejaa, kina mama kwenye mikeka, yeye kajiinamia pembeni. Sikutoa pole. Nilijilaza chali katikati ya zulia.

"Sitoki hapa! Marehemu aliniahidi ubwabwa kwenye simu, kaondoka bila kunipa. Wazaramo waongo ukoo mzima! Hapiti mtu mpaka nile!"

Mama mmoja akaguna. Nikakodolea macho dari kama mtoto aliyevunja chungu. Kisha uso wake ukanijia kwa juu, macho mekundu.

"Unaiona hiyo dari ilivyopasuka?" akauliza.

"Naiona."

"Uliipiga wewe. Inuka, mpagazi, kabla haijakuangukia."

Mikekani wakaangua kicheko, wengine machozi yakiwa bado mashavuni. Akanipa mkono. Nilichelewa kuinuka, kwa sababu sikutaka auachie.

Matanga yalipokwisha nilirudi na ndoo yangu kuipiga upya ile dari. Nilipanda ngazi peke yangu, sikuleta fundi. Yeye alisimama nyuma yangu, kikombe cha chai mkononi, akaniambia imepinda.

Nikaangalia. Ilikuwa imepinda kweli.