Jiwe la Kiti cha Mbele

Gari letu la zamani lilikuwa la mgongo wa kobe, injini nyuma, buti mbele. Lilinguruma hadi bibi yetu kule kijijini Kate akatusikia kabla hajatuona, akainjika maji ya ugali wa ulezi. Handibreki ya gari hilo ilikufa kabla sijaanza shule. Ndiyo maana mama alikaa kiti cha mbele, jiwe miguuni. Tukisimama mlimani injini ipoe, baba alisema, "Jiwe!" Mama aliruka nje, akalisukuma nyuma ya tairi, akasimama kando mikono kiunoni. Wachungaji wa ng'ombe waliokuwa wakipita walisimama kumtazama. Naye alijua wanamtazama.

Enzi za ruksa, magari ya nje yaliporuhusiwa, baba akanunua kigari cha Kijapani, mtumba, cheupe. Sitaki kukionea. Kilikuwa na kaseti na vioo vya kubonyeza, na kilipanda mlima bila kuhema. Humo ndani tungeweza kuongea bila kupiga kelele, ila sikumbuki kama tuliongea. Jumapili ya kwanza ya kwenda nacho kwa bibi, mama alikuja na jiwe lake. Baba akacheka.

"Litachafua zulia, mama. Humu breki ipo."

Mama akaliacha uani. Jumapili iliyofuata akakaa nyuma na sisi watoto. Baba akamwita mbele.

"Nije kufanya nini huko?" akajibu, wala hakuwa na hasira. Hasira nilikuwa nayo mimi, nikakichukia kile kigari pamoja na kaseti yake. Tangu hapo kiti cha mbele kikawa cha ndoo ya mahindi mabichi, na baba akawa anaendesha huku akichungulia kioo cha kati.

Siku moja, kwenye mlima uleule, akasimamisha gari bila sababu. Nilikuwa katikati, nikaiona handibreki iko chini, haijavutwa, na mguu wa baba umekaza breki.

"Mama," akasema, "jiwe."

Mama alimtazama kwenye kioo. "Liko uani."

"Basi tafuta jingine. Tutarudi kinyumenyume."

Akashuka. Hakuharakisha. Aliokota moja, akalitupa, akaokota jingine, baba jasho linamtoka. Alipolikaza nyuma ya tairi alisimama kando kidogo, mikono kiunoni. Kisha akatupakatisha ile ndoo, akalichukua jiwe na udongo wake wote, akaketi mbele na kuliweka miguuni.

Baba akalitazama zulia, akatia gia.