Debe Lenye Matundu Mawili

Msomaji wangu, nilifika hadi kuota vindevu nikiamini kwamba nyaya za umeme zina tundu katikati, na ndani yake yanapita mafuta ya taa. Aliyenipa habari hiyo ni mjomba wangu, aliyewahi kufagia stesheni ya Morogoro, na kwetu Uluguruni neno la mjomba halipingwi. Alisema hata ndege wanaojipanga juu ya nyaya wanakunywa yanayovuja. Nikiwatazama wanavyotikisa vichwa, nilijisemea: kweli, yana ukali!

Mafuta ya taa kwangu ni harufu ya mama. Pale Matombo aliyauza kwa kikombe, na mikono yake ilinukia hivyo hata akimenya ndizi. Siku ya kwanza kunituma nitoboe debe jipya, nilipiga tundu moja. Mafuta yakatoka glu, glu, yakagoma. Mama akachukua msumari, akapiga la pili upande wa pili.

“We nawe! Debe nalo linapumua,” akasema. “Ulibane pumzi halafu likupe mafuta?”

Basi ikavuma kwamba karakana ya shamba la mkonge, kule Kingolwira, inataka kijana mmoja wa kujifunza umeme, na watakaokwenda watapimwa akili. Mmoja tu! Mjomba alishakata shauri: nikishindwa, nitabeba makabichi yake kichwani maisha yangu yote, kazi ambayo shingo yangu iliijua vizuri.

Tulifika vijana wengi kama kumbikumbi. Fundi mkuu, baba mmoja wa tumbo kubwa, akampa kila mtu jiwe moja la tochi, glopu ndogo na kipande cha waya. “Washeni,” akasema, basi.

Wenzangu wakaunga waya kutoka kichwa cha jiwe hadi kwenye glopu. Giza. Wakasugua, wakapuliza, mmoja akalamba. Mwingine akaomba ruhusa akalianike jiwe lake juani.

Mimi nikaliona debe la mama. Wametoboa tundu moja hawa! Nikaisimamisha glopu juu ya kichwa cha jiwe, kisha waya nikautoa chini, kwenye kitako cha jiwe, nikaugusisha ubavuni mwa glopu, mafuta yapate kupumua. Ikawaka! Nawaambia iliwaka, hata jua la Kingolwira likaona haya.

“Nani kakufundisha?” fundi akauliza.

“Mama, Bwana Fundi. Anauza mafuta.” Nikamweleza habari ya debe. Alicheka mpaka akakaa chini.

“Njoo Jumatatu,” akasema, akifuta machozi. “Na huo waya chukua.”

Miaka mingi baadaye, katika shule ya usiku, mwalimu alichora duara ubaoni, akasema umeme hauendi pasipo njia ya kurudi. Darasa zima likakuna vichwa. Mimi nilikaa kama sultani. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile sikubahatisha: njia niliijua sawasawa, nilichokosea ni kinachopita.

Na hilo nilikuwa nimeshasahihishwa zamani. Niliporudi Matombo na waya wangu, nilimkabidhi mama kwa mikono miwili, nikamwonya asiuinamishe, yasije yakamwagika. Akautazama. Akauweka juu ya gogo, akaukata kwa panga, akasogeza ncha yake kwenye mwanga wa koroboi.

“Mwanangu,” akasema, “hauna tundu. Ni shaba tupu mpaka ndani.”