Makokha Anasomea Ku-buttle

Darasa lilikuwa juu ya duka la dawa huko Kayole, jijini Nairobi, na Jumamosi hiyo Bi Warigia aliuliza swali lililoonekana jepesi. Mpishi hupika, dereva huendesha, mwalimu hufundisha. Je, butler, yule mhudumu anayetunza nyumba ya tajiri au wageni wa hoteli kubwa, hufanya nini?

"Ana-serve!" darasa likajibu kwa sauti moja.

"Hata weita ana-serve. Butler ana kitenzi chake." Akageuka akaandika ubaoni: buttle.

Watu wakacheka. Makokha hakucheka. Neno hilo hakuwahi kulisikia, na yeye si mtu wa kuogopa Kiingereza.

"Maana yake, Madam?"

"Kufanya kazi ya butler. Kamusi inaishia hapo. Mimi niliyeifanya kazi hiyo nitakuongezea: ni kumjua mgeni wako kuliko anavyodhani unamjua, na kutomwonyesha."

Makokha alishuka ngazi akilitafuna neno hilo kama mua. Zamani aliendesha mashine ya kutengeneza mabeseni katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo, hadi wafanyakazi walipopunguzwa. Baadaye alibeba sahani kwenye harusi za mahemani, na huko ndiko alikogundua kipaji chake. Alijua meza ipi itaishiwa na mchuzi kabla haijaishiwa. Alijua mjomba yupi asiketishwe karibu na shemeji yupi. Hakuona haya kusema kwamba ni hodari, kwa sababu ilikuwa kweli. Sasa hoteli moja ya upande wa pili wa jiji ilikuwa ikitafuta butler, na ilikuwa imemwachia Bi Warigia kazi ya kuwachuja watu. Aliyepita kwake alikuwa amepita. Aliyeanguka angerudi mahemani.

Ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga alikoishi Makokha, ilikwisha kulipata neno lile kabla ya Jumatatu. Nzau, fundi wa pikipiki anayeishi mlango wa pili, ndiye aliyelisambaza.

"Niaje, buda! Leo ume-buttle nani?"

"Bado wewe. Oga kwanza."

Habari zilifika hadi Kimilili, kwa mama mkwe. Huko hazikuchekesha. "Mwanamume mzima," mama alimwambia bintiye Triza kwenye simu, "anakwenda shule kusomea kubeba sahani?" Triza alimfikishia mumewe maneno hayo bila kuyapunguza makali.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi angeandaa chakula cha mchana nyumbani kwake, kwa vyombo vyake mwenyewe, awahudumie wageni watatu, Bi Warigia akiwa mmoja wao. Kila mgeni ahudumiwe akiwa mezani, mhudumu akimjia upande wa bega la kushoto. Hakuna msaidizi. Makokha aliwaalika Nzau na Mama Perez Ooko, mjane wa mfanyakazi wa reli anayeishi ghorofa ya chini. Alinunua nyama ya mbuzi soko la Kiamaiko, akaichemsha ikalainika, akapiga pasi kitambaa cha meza mpaka kikasimama chenyewe. Chumba chao ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia: huku viti, kule jiko na kitanda.

Bi Warigia na Nzau walikuwa wameshaketi wakati Mama Perez alipotuma ujumbe kwamba ameitwa kwenye matanga. Kabla Makokha hajaamua la kufanya, mlango ukabishwa. Triza akafungua, akashika mdomo.

"Mama!"

Mama mkwe alikuwa amekuja Nairobi kutazamwa macho, akafikia kwa mwanawe huko Baba Dogo, na mwanawe alikuwa kazini. Sasa alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kwapani, jicho la kushoto likiwa na ukungu mweupe.

"Karibu, mama," Bi Warigia alisema, akimvutia kiti. "Mgeni wa tatu amefika. Makokha, tuanze."

Bi Warigia ni mtu wa Murang'a, hakujua alichokisema. Kwa Wabukusu, watu wa akina Makokha na Triza, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawapitiani karibu, hawali meza moja. Wapo wanaoilegeza heshima hiyo kwa sherehe na zawadi, lakini Makokha na mama mkwe hawakuwa wamefika huko. Mama alikuwa ameketi pale kwa sababu miguu ilimuuma na kwa sababu mkwe hakuonekana.

Makokha, nyuma ya pazia, alikuwa na jagi la maji ya uvuguvugu mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Mtihani ulisema ni kunawisha mikono kwanza. Miguu ikafuata mazoezi. Akatoka.

Mama akavuta leso akafunika uso, akageukia ukuta, akaanza kuutafuta mkoba wake kwa mkono. Alikuwa anajiandaa kuondoka. Nzau akatazama dari. Bi Warigia akatazama saa.

Makokha akarudi nyuma ya pazia, akaweka jagi chini. Aliona njia mbili, zote mbaya. Akimkaribia, mama angeondoka na njaa, na habari hiyo ingetangulia kufika Kimilili. Asipomkaribia, hoteli ingeenda kwa mwingine. Kisha akagundua kwamba hakuwa na hofu. Huyu alikuwa mgeni, na hakuna mgeni duniani ambaye Makokha alimjua kuliko huyu.

"Madam," alisema kutoka ndani, kwa sauti iliyotulia, "naomba kumtumia mke wangu. Hatashika chombo. Nitaazima mdomo wake tu."

"Mdomo? Endelea."

"Triza, mwambie mama maji ya kunawa yako kwenye sinki la koridoni."

"Mama, anasema maji yako nje."

"Nimesikia. Mimi naumwa macho, si masikio." Lakini akainuka, akatoka na bintiye.

Hapo Makokha akafanya kazi. Akatoa stuli na meza ndogo, akaviweka karibu na mlango, vikitazama dirisha ili mama asilazimike kumkwepa mtu. Akapanga kila chombo upande wa kulia, upande wa jicho zima. Nyama aliichambua mifupani. Ugali akaufunika usipoe, mchuzi wa ziada akauweka kwenye bakuli lenye kifuniko ili mama asihitaji kuomba. Mama aliporudi, kila kitu kilikuwa kikimngoja, na chumbani hapakuwa na mkwe.

Kisha akatoka kuwahudumia wale wawili, begani upande wa kushoto, kama kitabu kinavyotaka, mgongo wake ukiwa kwa mlango wakati wote.

"Triza," mama alisema baada ya muda, "mwambie mwenye nyumba nyama imeiva."

"Mwambie mama ashibe," pazia likajibu.

"Mwambie chumvi ni kidogo."

"Mwambie daktari wake ndiye aliyesema iwe kidogo."

Nzau alishindwa kuvumilia. "Wako hatua mbili na wanatumiana barua!"

"Kula, kijana," mama akamwambia.

Alipokwisha kula, akatoka tena kunawa. Aliporudi, sahani zilikuwa zimeondoka, chai ya tangawizi ilikuwa mezani, kikombe kimegeuzwa kishikio kuelekea kulia. Akakaa akanywa chote.

Bi Warigia alimwita Makokha mlangoni mwa pazia. Hakuwa akitabasamu.

"Mgeni wa tatu hukumfikia hata mara moja. Sheria ni bega la kushoto."

"Ningemfikia angeondoka, Madam. Kwetu mtu hamkaribii mama mkwe wake. Mgeni akienda na njaa nimeanguka, hata kama bega nimelipata."

"Hilo ni jibu lako. Sasa nataka lake." Akageuka. "Mama, huyu amekuhudumia vipi?"

Mama aliweka kikombe chini, akashangaa kweli.

"Nani? Mimi sijaona mtu."

Bi Warigia alimgeukia Makokha. Akamwambia, kwa sauti ile ile ya darasani, "Nimekukata alama kwa lile jagi. Ulijua ni nani aliyeketi, na bado ulitoka. Hotelini kosa kama hilo linamfukuza mgeni. Usilirudie." Akachukua mkoba wake. "Wanakungoja Jumatatu. Vaa viatu visivyolia."

Nzau alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. Triza alicheka huku akifuta macho. Nyuma ya pazia Makokha alijinyoosha tai, akajiruhusu tabasamu moja ambalo hakuna mgeni aliyeliona.

Mama alikuwa ameshajitanda leso, tayari kurudi Baba Dogo. Alisimama kizingitini akitazama koridoni.

"Triza, mwambie huyo akifika hotelini asiwakimbie wageni wote kama anavyonikimbia mimi. Wengine wanapenda kuona anayewalisha."

"Mwambie mama nimesikia," akasema Makokha.

"Na mwambie chumvi bado ni kidogo."