Makofi Nyuma ya Pazia

Bibi yangu alikuwa akimpigia Mungu makofi. Si makofi ya shangwe, la. Alikunja viganja kidogo vikawa na uvungu, akavigonganisha polepole, sauti ikatoka nzito na ya chini. Ndivyo Wafipa wanavyomsalimu mkubwa, na ndivyo wanavyomshukuru aliyewapa kitu: unachuchumaa, unapiga makofi, ndipo unasema. Bibi alikuwa Mwislamu tangu alipoolewa. Alisali swala zake zote tano, na kila alipoinua kichwa kutoka sijida ya mwisho alipiga makofi yake, kisha akakaa kumalizia.

Nikizikumbuka siku hizo, kwanza naona ukungu. Asubuhi za Juni pale Sumbawanga watu walitokea ukunguni wakiwa vichwa na mabega tu, miguu ikawafuata baadaye, na kengele ya kanisa na adhana vikaja kutoka upande usioujua. Mengine ninayoyasimulia leo sina hakika kama niliyaona au nilisimuliwa nikiwa nimelala mapajani mwa bibi. Yote yana harufu moja, ya ubani na moshi wa kuni.

Babu alitoka Kipili, ziwani, akapanda milima na dagaa wakavu na vitambaa vya kuuza. Sikumkuta. Bibi alisema hakumhubiria hata siku moja.

"Alinawa tu," aliniambia. "Nikamwona mwanamume mzima ananawa miguu kabla ya kusema na Mungu wake. Nikasema, huyu ana adabu. Nikamfuata."

Kwa hiyo dini ilifika kwetu kwa sababu ya miguu safi, na mimi sijawahi kusikia sababu nzuri zaidi. Lakini haikukuta nyumba tupu. Mvua za kwanza zikinyesha, bibi alipeleka unga wa ulezi kwenye kichaka cha kutambikia wazee wao, na babu alimsindikiza hadi ukingoni, akasimama pale na tasbihi yake kumngoja. Hitima ya babu ilipokuwa ikisomwa, ndugu zake bibi kutoka upande wa Mwimbi, Wakatoliki watupu, walikuja wakakaa mkekani na Waislamu. Kwao kilio bila pombe ya ulezi ni aibu, kwetu pombe ni haramu, basi bibi alipika togwa ya ulezi, tamu, kabla haijachachuka, na hakuna aliyenuna. Sana sana mjomba mmoja alikuwa akiinusa kwanza, kwa matumaini.

Kisa nilichokipenda kuliko vyote ni cha chatu. Siku moja alikuja akajilaza kizingitini kwao. Kwa Wafipa wa zamani chatu wa namna hiyo ni mgeni mwenye heshima zake, hafukuzwi. Bibi akamnyunyizia unga na kumpigia makofi. Babu akamsomea Ayatul Kursi kwa mbali, mbali kabisa. Chatu akaondoka.

"Sasa nani alimwondoa?" nilimuuliza kila mara.

"Aliondoka mwenyewe. Alikuwa ameshasalimiwa."

Imamu wetu mzee, rafiki wa babu, aliyajua yale makofi ya bibi na hayakumsumbua. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Sukari ikaonekana madukani bila foleni, mitumba ikajaa sokoni, redio zikaimba kila kibaraza, na msikiti wetu wa udongo ukapata bati na kipaza sauti. Imamu mzee akafariki mwaka uleule wa bati. Tukaletewa mwalimu kijana kutoka mbali, msomi, mwenye kanzu nyeupe ambayo vumbi la kwetu lilikuwa likiihangaisha. Hakuwa mtu mbaya. Hayo nayasema leo. Wakati ule nilimchukia hadi meno yakaniuma.

Sheria ya swala ni kwamba imamu akikosea, wanaume wanamzindua kwa kusema Subhanallah, na wanawake kwa kupiga kofi. Mwalimu aliijua sheria hiyo vizuri mno. Adhuhuri yake ya kwanza kwetu, alipoinuka kutoka sijida ya mwisho akae amalizie, akasikia makofi nyuma ya pazia letu la wanawake. Maskini, akadhani amepunguza rakaa. Badala ya kukaa, akasimama. Wanaume wakamwambia Subhanallah ili akae. Yeye akasikia anaonywa pande zote mbili, akazidi kusimama wima. Nusu ya safu ikasimama naye, nusu ikabaki chini. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wameuma kanga zao, mabega yanatikisika.

Swala ilipokwisha alikuja hadi kwenye pazia. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Nani aliyepiga makofi?"

"Mimi, baba," bibi akajibu, amechuchumaa.

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea, baba. Nilikuwa nashukuru."

Kule mbele watu wakacheka kwa sauti, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomponza bibi. Mwalimu akasema ibada si mahali pa mila. Ama aache makofi, ama asalie nyumbani kwake.

Alijaribu. Siku iliyofuata alisali huku akijibana, na ilipofika sijida ya mwisho nikamwona ameshindilia mikono chini ya mapaja kama mtu anayeificha isiibiwe. Tulipofika nyumbani alikaa jikoni, akatazama jiko lililozimika.

"Leo nimeingia kwa mkubwa, nimekula, nimeshiba, nimeondoka bila kumshukuru," alisema. "Sasa si heri nisingekwenda?"

Hakwenda tena. Alisali chumbani, na makofi yake tuliyasikia kupitia ukutani. Mama alimwambia Mungu ni yuleyule. Bibi akakubali kwamba ni yuleyule. Lakini alikuwa anapungua, na siku moja akiwa anapepeta ulezi akauliza, bila kumwangalia yeyote, nani atakayekuja kumswalia akifa. Dada zake walikuwa na kanisa lao, ambako padri akiinua hostia wanampigia Mungu makofi hayohayo na hawaambiwi kitu. Wazee wake walikuwa na kichaka chao. Yeye alikuwa amevuka akamfuata mtu mwenye miguu safi, mtu huyo amelala makaburi ya Waislamu, na sasa aliogopa kwamba hatapelekwa alipo. Niliogopa pia. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi akiogopa.

Mwalimu alikuja mwenyewe, alasiri moja ya upepo. Sijui nani alimtuma. Labda ni pengo tu nyuma ya pazia. Alivua viatu, akabisha hodi.

Bibi alipomwona akachuchumaa palepale, akampigia makofi. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo bibi. Usinifanyie hivyo, mimi mtoto wako."

"Marahaba, baba. Umefika mlangoni kwangu, nitakuachaje?" Akaendelea kuchuchumaa. "Wewe umeniletea salamu tu, nimekupigia. Yule amenipa macho, amenipa watoto, amenipa mvua. Yeye nimnyime?"

Mwalimu aliketi kwenye kigoda, akaletewa togwa, akainywa yote taratibu. Upepo ulikuwa unazungusha makapi ya ulezi uani na yeye akayatazama muda mrefu, kama amesahau alichokuja kusema. Nilitaka aondoke. Nilitaka pia aseme kitu, chochote.

"Bibi," akasema mwishowe, "kwenu makofi hayo hupigwa mtu anapofika, au anapoaga?"

"Yote mawili. Ila ya kuaga ndiyo makubwa."

"Basi sisi tunaaga kwenye salamu. Kulia, kushoto, swala imekwisha. Wewe unapiga wakati bado tupo ndani kwake."

Bibi akafikiri. Aliinua viganja, akaviangalia kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Na hii mikono?"

"Njoo nayo. Ila ningojee nitoe salamu, ndipo upige."

Bibi alijifunika uso kwa pindo la kanga, akalia kama msichana mdogo, na mimi nikalia naye, maana kwa miezi ile yote nilikuwa nimemwona mwanamke mzima asiyekuwa na mahali pa kwenda.