Kivuli cha Paneli

Leo fundi amemenya nyaya sebuleni kwangu, na harufu ya plastiki mpya imenirudisha utotoni, mtaani Misunkumilo, kwenye basi bovu tulilohamia baada ya mvua kuangusha nyumba yetu. Halikuwa na injini wala viti. Mama, aliyejifunza umeme kwa kutengeneza redio za watu, alikuwa amepata paneli za sola na betri, akachora kwa mkaa kwenye sakafu nyaya zitapita wapi.

Tatizo lilikuwa bibi. Basi lilikuwa chini ya mti mkubwa, naye hakutaka litolewe kivulini.

"Juani nitaiva humu kama kiazi," alisema.

"Kivulini hatupati taa, mama," mama alimjibu.

Kesho yake mama alichomelesha fremu ya chuma, akaziinua paneli juu ya paa, usawa wa pale bibi alipokuwa akilala ndani, ili upepo upite kati yake na paa.

"Zitapata jua, na zitamkinga bibi," aliniambia.

Majirani wakatusaidia kulisukuma basi mpaka peupe. Bibi akabaki chini ya mti na kigoda chake. Mama hakumbembeleza, aliingia ndani akajilaza kwenye mkeka wa bibi. Jua lilipokuwa kali, bibi alikuja polepole, akaigusa dari kwa kiganja, akakiacha hapo kwa muda.

"Sogea," alimwambia mama, akajilaza ubavuni mwake.

Jioni niliwasha taa mwenyewe. Walikuwa bado wamelala, mkono wa bibi juu ya tumbo la mama. Nikaizima wasiamke.